Sekt Badala ya Mnazi

Mainz, 3 Mei 2024

Dada Kahaso,

Lile la pili, ambalo simu ya juzi ilikatika kabla sijalisema, ni kwamba kila asubuhi naona kama ndiyo kwanza naolewa! Habari za hapo Minjila? Miguu ya baba bado imevimba? Mto umeshuka? Sisi wazima. Mvua ya huku ni laini, hailowanishi hata viatu.

Mume wangu Bule ananiita jua lake. Najua ulimngoja miaka minne akuoe wewe, lakini mapenzi hayapangiwi, na wewe una moyo mkubwa.

Mwenzake wa kazini anakuja Garsen. Nimempa chupa sita za Sekt, divai ya povu ya Kijerumani, badala ya mnazi, ile pombe ya posa tuliyoiruka tulipofunga ndoa ofisini. Bule mwenyewe huitengeneza! Divai iliyokwisha kuchacha hutiwa sukari na hamira, ikachacha tena ndani ya chupa iliyozibwa. Povu lote huzaliwa humo. Kisha chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kila siku mpaka mashapo yashuke shingoni. Shingo hugandishwa, kizibo hutolewa, mashapo huruka nje, divai ikabaki safi kama machozi. Iliyoandikwa “trocken” eti ni kavu, lakini ina utamu. Hiyo mpe baba. “Brut” ndiyo kali. Zipoze kwa barafu. Shika kizibo, zungusha chupa, itoe pumzi tu, isilipuke.

Wazee lazima wamwulize bibi harusi, “Tunywe?” Bila jibu lake hakuna ndoa. Mimi niko mbali. Simama wewe mahali pangu, useme, “Kunyweni.” Nani mwingine ananipenda kiasi hicho?

Mdogo wako,
Joy

Minjila, 9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Tunapumua. Maji yalichukua mahindi yote na ukuta wa jikoni. Baba analala kwangu. Miguu ni ile ile.

Chupa mbili zilipasuka kwa joto njiani. Nne nilizitia kwenye ndoo, kwa barafu ya muuza samaki. Wazee walipokaa, baba mdogo Kaviha akainua moja: “Hii soda ya Wazungu italewesha nani?” Wakacheka. Nikafungua kama ulivyoelekeza. Hata moja haikupiga kelele. Bilauri zikajaa.

Baba akaniuliza, “Kahaso, tunywe?”

Nikatazama povu. Shangazi akanifinya. “Sema basi, mwanamke, povu linakufa!”

Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu nikasema, “Msinywe.”

Hakuna aliyeonja. Baba alimwaga zote nje kwa mkono wake. Amesema kwetu hujaolewa, na kwa mila mtoto utakayemzaa atahesabiwa wa nyumba yake yeye baba, si ya Bule.

Uliniomba nisimame mahali pako. Nilisimama.

Dada yako,
Kahaso

Mainz, 4 Julai 2024

Dada,

Hamjambo? Ukuta umejengwa? Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi sana. Usidhani furaha yangu imepungua. Bule bado ananiletea maua kila Ijumaa, na bado ananiita jua.

Nilipomsomea barua, hakuuliza baba alisema nini. Aliuliza, “Kahaso alivaa nini siku hiyo?” Nilicheka. Jana akauliza tena.

Nina mimba ya miezi minne. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuruka kwa furaha. Sasa Bule anasema mimi nipumzike, aje yeye peke yake, akae wiki mbili hapo kwako, azungumze na baba. Nimemkatalia. Tiketi ni moja, na ina jina langu.

Mnazi nitanunua huko huko. Baba ataniuliza, nami nitajibu kwa kinywa changu, na mwanangu atakuwa na baba yake. Siku hiyo wewe uende Garsen, ukalale kwa shangazi. Usiwepo, dada. Nakupenda mno.

Nafika Minjila kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako,
Joy