Neno la Herufi Sita

Jumatatu jioni. Joto limetubana tangu alfajiri, mawingu yamejazana upande wa bahari na hakuna hata tone lililoanguka. Nimejipikia uji nikaukodolea macho mpaka ukaganda.

Leo nimemdanganya mtoto. Nimemdanganya huku ananitazama.

Mnaonisoma hapa mnajua ugonjwa wangu: chemshabongo. Nachora miraba kwenye daftari la hesabu kila Jumapili, natoa kopi steshenari, na Jumatano darasa la nne wanajaza. Kiswahili kimeumbiwa miraba. Kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo maneno yanapata pa kushikana. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kimakonde, na tahajia ilikuwa inawatesa. Sasa wanabishana wenyewe kama "ng'ombe" ni miraba sita au saba, na kama ile alama ya juu ina haki ya kupewa mraba wake. Mtoto aliyekuwa akiandika "chakura" siku hizi anajisahihisha kabla sijafika kwenye dawati lake, kwa sababu herufi imegoma kukutana na jirani yake. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Wiki iliyopita mada ilikuwa familia na ukoo. Nikaweka shangazi, mjomba, binamu, wifi. Kwenye mlalo nikaandika: "Mtoto aliyefiwa na mzazi, herufi sita." Kwenye wima: "Mwanamke aliyefiwa na mume, herufi tano." Yatima na mjane, wanakutana kwenye M. Nakumbuka nilivyotabasamu peke yangu sebuleni kwa jinsi ile M ilivyokaa vizuri.

Rukia sikumkumbuka hata mara moja.

Rukia (jina nimelibadilisha, na ya wengine pia) ana miaka kumi, na ndiye anayemaliza wa kwanza kila Jumatano. Baba yake, Issa, alikuwa mchuuzi. Alikuwa akivuka mto Ruvuma pale Kitaya na marobota ya vitenge, anauza ng'ambo ya mpaka, anarudi baada ya wiki mbili tatu. Safari ya mwisho alivuka baada ya Idi. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Shuleni Rukia alikuwa akisema baba yuko safarini, nasi walimu tulikubaliana kumwachia hivyo hivyo.

Nililijua hilo, ndiyo maana sina pa kujificha.

Jumatano ile aliandika haraka kama kawaida yake, halafu penseli ikasimama. Salma, aliyekaa karibu naye, akachungulia, akasema kwa sauti ya darasa zima kusikia, "Andika yatima. Kama wewe."

"Baba yangu yuko safarini," Rukia akasema. Akaikunja karatasi mara nne.

Mimi nikasema, "Kimya, kila mtu na karatasi yake." Nikaendelea kuzunguka kati ya madawati. Hilo tu ndilo nililofanya.

Alhamisi asubuhi mama yake alisimama mlangoni pa darasa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana anabangua nyumbani na kuuza sokoni. Hakunisalimia. Alikuwa na ile karatasi.

"Mwalimu, mume wangu umemzika wewe?"

Akaiweka karatasi juu ya meza yangu, akaondoka. Rukia hakuja siku hiyo, wala Ijumaa.

Jumamosi nikaenda kwao. Nilipiga hodi nikiwa nimejiandaa kutukanwa, na ningetukanwa kwa haki. Mama Rukia alikuwa uani anabangua. Bibi, mama yake Issa, alikuwa ndani amelala, presha imempanda tangu Alhamisi. Rukia ametumwa sokoni.

Nikasema, "Mama Rukia, nimekosa. Nimekuja kuomba radhi, sina utetezi."

Akaendelea kugonga korosho. Moja, nyingine, nyingine tena. Kisha akatazama mlango wa ndani, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Mwalimu, mimi najua," akasema, sauti yake ndogo mno. "Najua tangu masika. Mwenzake aliyevuka naye alirudi, akanifuata kisimani. Ameliona kaburi kwa macho yake."

Nilidhani sijasikia sawasawa.

"Bibi hajui. Nikimwambia nitamzika na yeye. Mtoto hajui. Nilisema amalize kwanza mtihani wa darasa la nne. Eda yangu imepita, mwalimu, mimi niko sokoni na kanga ya maua, nacheka na wateja. Usiku nauma mto." Akafuta jicho kwa mkono, akakumbuka yale mafuta ya korosho, akafuta tena kwa pindo la kanga. "Siku ile nilikuja nimekasirika kwa sababu neno langu umelitoa wewe."

Akaniomba nisiseme kwa mtu. Nikaahidi. Mtu aliyekosa huahidi chochote.

Leo Rukia amerudi shuleni. Wakati wa mapumziko alibaki darasani wenzake walipotoka, akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, lile swali sikulijaza. Umenikata maksi?"

"Sijakukata. Lile swali lilikuwa na makosa, nimelifuta."

"Kwa hiyo jibu lake si lile alilosema Salma?"

"Hapana, si lile."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akakimbilia nje kucheza. Nilimsikia akicheka huko uwanjani. Nikaenda kukaa stoo ya vitabu mpaka kengele ikalia.

Kumfundisha mtoto maneno ni kumwambia kwamba kila kitu kina jina lake na jina hilo linaweza kuaminiwa. Leo nimeuvunja mkataba huo. Na mtaani wameshaanza kunong'ona. Salma hakuliokota lile neno kwenye vumbi, amelisikia kwao. Tukingoja mtihani upite, Rukia ataambiwa na mtoto mwenzake, kwa kicheko, kwenye foleni ya maji.

Kesho nikitoka kazini naenda kumwambia mama yake kwamba ahadi niliyompa siiwezi. Simwambii mtoto nyuma ya mgongo wa mama yake, ila sidanganyi mara ya pili. Andiko hili nalihifadhi kwenye simu. Ukiliona hapa, ujue Rukia ameshaambiwa.

Alhamisi, naongeza haya machache.

Jumanne nilimwambia Mama Rukia kwamba ahadi ile siiwezi, naye akakubali. Jana alasiri alimwambia Rukia, mbele ya bibi na mbele yangu, maana aliniomba nikae. Bibi alisema "Inna lillahi," akaomba maji ya kutawadha. Rukia hakulia. Aliuliza nani alimzika baba. Mama akamjibu kwamba ni waumini wa kijiji kile, walimkafini na kumsalia.

Rukia akauliza: "Kwa hiyo mama ulikuwa unajua siku zote?"

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mwalimu? Juzi uliponiambia swali lina makosa?"

Mama yake alinitazama. Ningeweza kupata njia ya kupita pembeni, nimezizoea.

"Nilikuwa najua," nikasema. "Swali halikuwa na makosa. Nilikudanganya."

Aliinuka, akaingia ndani kukaa na bibi yake, akaufunga mlango.

Kesho, Ijumaa, Issa atasaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti aliyezikwa mbali, msikitini mtaani kwao. Leo dawati la Rukia lilikuwa tupu. Jana Jumatano sikugawa fumbo lolote, na watoto walipouliza nikasema sijaandaa, ambayo ni kweli. Atakaporudi, kama atarudi kwenye darasa langu, sijui atanitazama vipi. Nitasubiri. Na akiniuliza kitu, chochote kile, nitamjibu.