Hamisi Hakuwa Mzembe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute magoti yamepungua kuuma, na mvua imefika Ikungi kabla alizeti hazijanyauka. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani haizoeleki, lakini navumilia. Mwanangu Idi mwambie sweta lake nimeshalinunua.

Kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwenye simu. Tafuta mahali ukae, usome taratibu.

Unajua kazi yangu hapa ni kuwakalisha wagonjwa mbele ya kamera ya macho. Si kamera kama zile za hospitali za kwetu. Ndani yake kuna kioo chembamba kinachojipindapinda mara nyingi kwa sekunde moja. Umeshaona pale Mkiwa, saa saba mchana, hewa juu ya lami inavyocheza mpaka lori linaonekana kama linayeyuka? Mwanga ukipita ndani ya jicho nao huvurugika hivyo hivyo, na kile kioo kinaunyoosha. Walioanza kukitumia ni wale wanaotazama nyota, hawa wa macho wakaiga. Basi tunaweza kumtazama mtu aliye hai, tukaona nyuma kabisa ya jicho lake chembe moja moja zinazopokea mwanga, zimepangana kama punje za mtama kwenye ungo.

Mwezi uliopita walitaka macho mazima ya kulinganisha na ya wagonjwa. Nikajitolea. Nikaegemeza kidevu, nikatazama alama ya kijani niliyoambiwa nitazame. Daktari wetu ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Nikaona anapiga picha sehemu ileile mara tatu, mara nne.

“Zainabu,” akaniuliza, “kwenu kuna mwanaume asiyeona vizuri giza likiingia?”

Nikamwambia, “Yupo kaka yangu. Na mjomba wangu alikufa akiwa kipofu.”

Akanigeuzia kompyuta. Kwenye jicho langu kulikuwa na mabaka, mahali hapa punje zimejaa, mahali pale zimekwisha. Akasema kuna ugonjwa ambao mwanamke huweza kuubeba bila kuumwa sana, ila akizaa mtoto wa kiume anaweza kuupata, naye hupoteza macho polepole, akianza kwa kutoona gizani. Wakapima na damu yangu. Majibu yametoka Ijumaa. Ndio huo.

Kwa hiyo mjomba Athumani hakulaaniwa na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kama watu walivyosema mpaka msibani. Na kaka Hamisi hakuwa mzembe. Unakumbuka jioni ile mbuzi wawili walipopotea, naye akatumbukia kwenye shimo la matofali? Baba, Mungu amrehemu, aliniuliza mimi. Nikamjibu, “Alikuwa anacheza.” Mama, sikuona chochote. Nilikuwa jikoni. Niliogopa kuchapwa kwa kumwacha peke yake na mbuzi. Akachapwa yeye, analia, “Baba sikuona! Sikuona!” Hakuna aliyemsikiliza, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumapili nilimpigia Hamisi. Nikamweleza yote, na ule uongo wangu pia.

“Kwa hiyo nilikuwa kweli sioni?” akasema.

“Ndiyo, kaka. Nisamehe.”

“Mimi mwenyewe nilishaamini kwamba nilikuwa nacheza.”

Nikamsikia akilia. Baadaye akaniuliza kuhusu mwanawe Shabani. Kumbe kila jioni akifunga biashara yake ya vitunguu pale barabarani humwuliza yule mtoto anaona nini ng'ambo, kwa hofu. Nikamwambia baba hampi mwanawe wa kiume ugonjwa huu. Akashukuru Mungu mara nyingi. Kisha akauliza, “Na Idi?”

Idi nimemzaa mimi. Huenda anao, huenda hana. Sitakudanganya mama, dawa ya kuuponya sijaiona hata hapa. Kamera hii inatuonyesha tu mapema yale ambayo zamani yalionekana mtu akishaharibikiwa. Mwezi wa kumi na mbili nakuja, nitampeleka mwenyewe kupimwa.

Nimewaza sana utakavyoipokea barua hii. Usikae ukajilaumu kwamba ni wewe uliyetupa ugonjwa huu. Hukujua, wala hukuchagua, kama mimi ambavyo sikuchagua. Ukitaka kulia, lia, lakini usilie peke yako. Mwite Hamisi. Amesema atakuja.

Nisalimie mama mdogo wa Kilimatinde, na wifi yangu, mke wa Hamisi. Mwambie nimejua sasa ni miaka mingapi amekuwa akimshika kaka mkono njiani bila kulalamika, na ninamshukuru.

Tafadhali mama, jua likishazama usimtume Idi dukani. Na akikwambia haoni, mwamini.

Ni mimi binti yako,
Zainabu