Ubatizo Wetu wa Pili

Dada Ndeshi, huko Nairobi uliko,

Anwani yako hatunayo, ndiyo maana nimeiandika barua hii wazi, aisome yeyote, huenda mmoja wao akawa anakufahamu. Mimi unanijua. Ndimi yule ambaye wageni wakija hujificha jikoni mpaka Mama aite mara tatu. Pima mwenyewe basi hasira niliyonayo ni kubwa kiasi gani mpaka nimefika hapa.

Jumapili hii ilikuwa nipate kipaimara. Sipati. Nitakueleza kwa nini, na sehemu yako imo.

Unakumbuka ulivyookoka? Ulikuwa unauza mitumba Sakina, ukaenda kwenye mkutano wa injili wenye spika zilizosikika mpaka kwa mafundi magari. Ulirudi nyumbani Kaloleni macho mekundu, ukavua hereni, ukamwomba Mama msamaha kwa mambo ambayo hata yeye alikuwa hayajui. Mama akakutazama weee, akasema, "Zamani sabuni ilikuwa moja, tena kwa foleni. Siku hizi sabuni aina sita na wokovu aina sita. Haya, mwanangu, chagua." Tulicheka wote watatu. Halafu ukapiga magoti, ukaushika mguu wake unaovimba, ukauombea huku machozi yakidondokea ndara zake. Nilikuona. Yule hakuwa mtu anayeigiza.

Ndipo ukaanza na mimi. "Ule ubatizo wako wa utotoni siyo ubatizo, mdogo wangu. Nani alikuuliza? Wokovu mtu anauchagua mwenyewe. Na ukishaokoka umeokoka, hata shetani hakufuti." Nilikuwa tayari darasa la kipaimara, na nilijua kwamba sisi Walutheri mtu akibatizwa mara ya pili anatengwa, hashiriki meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya usharika atubu. Wewe pia ulijua. Ulisema, "Watajuaje?"

Jumamosi ile tulimwambia Mama tunakwenda kusaga mahindi. Tukaacha debe mashineni, tukateremka mtoni, tukaingia majini wote wawili. Maji yale yanatoka Mlima Meru, Dada, mpaka leo nayasikia kwenye mifupa. Mtumishi wenu wa Sakina akaniuliza, "Binti, umekuja kwa hiari yako?" Nikakutazama. Ukaitikia kwa kichwa. Nikasema ndiyo. Tukarudi na unga, nywele zimeloa, tukasema mvua imetukuta njiani. Mama akatoka nje kutazama anga, akarudi, akaupokea unga.

Jibu lile nimelifikiria sana. Mara ya kwanza nilibatizwa bila kuulizwa. Mara ya pili niliulizwa, ukajibu wewe.

Halafu ukaondoka. Miezi saba sasa, na yule bwana wa marobota ya mitumba ambaye wote tulijua ana mke. Ukatuachia kikaratasi chini ya kikombe: "Msinitafute. Nimechoka kuwa mtakatifu." Nilikimbilia kwa wenzako wa Sakina wakuombee, maana wao ndio waliosema wokovu haufutiki. Mtumishi akanijibu tumesimama mlangoni: "Dada yako hakuwahi kuokoka. Angekuwa ameokoka, asingeondoka." Nikamwuliza kwa ile sauti yangu ya mbu, "Na mimi nitajuaje kama nimeokoka?" Akasema, "Utajua ukifika mwisho." Sasa huo ni uhakika gani? Ni kama kuambiwa debe limejaa unga, ila usifunue mpaka ufike nyumbani.

Nikageukia kanisani kwetu. Darasani kwa mwinjilisti nikanyoosha mkono, mara ya kwanza mwaka mzima.

"Mwalimu, mtu akiokoka halafu akaanguka, bado ni wa Mungu?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Godlisten akadakia kutoka nyuma, "Huyo mtu tu yuko Nairobi!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwinjilisti akawanyamazisha, akasema mtu anaweza kuitupa neema kwa hiari yake, na akitaka anaweza kurudi. "Lakini kwa mlango wa mbele, usharika ukimwona." Kwa hiyo kwa wale hukuwamo kamwe, kwa hawa ulikuwamo ukatoka. Wanachokubaliana ni kimoja tu, kwamba sasa uko nje.

Shuleni mambo haya tunayasoma kwa Kiingereza. Uhuru wa mtu kuchagua, hoja za upande huu, hoja za upande ule. Niliandika kurasa tatu, nikawapita wote kwa alama. Kwa Kiingereza hakuna mtu ninayemfahamu anayepotea.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya darasa. Mwinjilisti akauliza, kama anavyouliza kila mwaka, kama yupo aliyebatizwa mara ya pili. Nikasimama. Akanitoa nje, akaongea nami taratibu, kwa sababu si mtu mbaya. "Ulishawishiwa na dada yako, siyo? Sema hivyo tu. Wewe bado mtoto. Nitawaeleza wazee wa kanisa, Jumapili utaingia na wenzako."

Dada, gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Bibi alikuwa ameshateremka kutoka Machame na ndizi zake. Na ilikuwa kweli, ulinishawishi.

Nikasema, "Nilikwenda mwenyewe."

Akalipiga mstari jina langu.

Sikukutetea, usijidanganye. Nilichoka tu kujibiwa na kila mtu, na sasa hata mwinjilisti alikuwa ananiwekea jibu mkononi kama peremende. Kama nimekosa, nataka kosa liwe langu. La sivyo, hiyo toba itakuwa ya nani?

Mama nilimwambia siku hiyohiyo. Aliendelea kulikunja gauni mpaka likawa dogo kama kitabu. "Nilijua siku ile haikunyesha," akasema. Baadaye akaongeza, "Jumapili tutakwenda. Tutakaa benchi la nyuma. Wakigeuka kututazama, watazame."

Mwezi ujao nitasimama mbele ya usharika, mimi ambaye hata tangazo siwezi kusoma. Peke yangu, Dada, na majini tuliingia wawili. Hilo linaniuma kuliko gauni.

Sisemi utubu kwanza ndipo nikupende, hayo nawaachia wao. Nimechoka kuulizwa uko wapi mbele za Mungu wakati hatujui hata uko mtaa gani. Kama wokovu haupotei, basi unao hukohuko, wapende wasipende. Kama mtu huutupa kwa hiari yake, basi hiari hiyo bado unayo, na posta za Nairobi hufunguliwa kila asubuhi.

Andika.

Mdogo wako, ambaye bado amekukasirikia