Mkono Wenye Kidonda

Nyantakara, Biharamulo
Jumapili, 21 Mei 2023

Dada Speciosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Bugarama, wewe, shemeji Privatus na watoto. Goti la mama linaendeleaje? Huku mahindi ya bondeni yamestawi, ya juu yameliwa na viwavi. Venance na mwanetu Gidioni wanakusalimu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na haya nataka uyasome mwenyewe.

Mwanzoni mwa Aprili, siku ya Alhamisi, nilikuwa shambani napalilia. Juzi yake nilikuwa nimejikata na panga kwenye kiganja cha kushoto, nikakifunga kwa kitambaa. Saa nne asubuhi nikasikia jirani yangu wa shamba la pili akiita. Jina lake sitaliandika, na utaelewa sababu. Nilimkuta ameketi kwenye matuta, uchungu umemshika wiki mbili kabla ya siku aliyopangiwa. Nikampigia simu mtu mwenye gari la kubebea mihogo, akasema yuko njiani kutoka Nyakanazi, tumsubiri. Mtoto hakusubiri.

Nilipiga magoti nimpokee. Kitambaa kilikuwa kimeshalegea na kidonda kimefumuka, damu inatoka. Jirani alipoona alinisukuma. Nilidhani ni maumivu tu, nikamsogelea tena. Ndipo akanikamata nguo, akasema: "Mama Gidioni, una kidonda. Mimi natumia dawa za virusi, huu mwaka wa nne. Anayejua ni mume wangu peke yake. Tafuta kitu uvae mkononi."

Pembeni yake palikuwa na mfuko wa nailoni wenye mbegu; nilizimwaga chini, nikauvaa mkononi. Lakini nilikuwa nimeshamgusa. Mtoto wa kiume alitokea, nikampokea kwenye kanga yangu, akalia vizuri. Kitovu sikukikata. Gari lilipofika tukawapeleka kituo cha afya hivyo hivyo.

Pale kituoni mhudumu mmoja, mtu mpole anaitwa Bulugu, aliniosha kidonda kwa sabuni na maji mengi bila kukikamua. Alisema mambo ya damu hayangoji: dawa za kinga huanza mapema, zisipite siku tatu, na hunywewa siku ishirini na nane. Ila kwanza nipimwe, ijulikane nilikuwaje kabla ya siku ile. Virusi vya UKIMWI sikuwa navyo. Nikaanza vidonge.

Vilinichafua tumbo wiki nzima. Venance aliuliza kama jirani ni mgonjwa. Nikamjibu kwamba anayeshika damu akiwa na kidonda hupewa dawa hizo, na asiniulize zaidi. Alininunia siku mbili, kisha akaanza kunikumbusha saa ya kumeza. Wiki hii nimepimwa tena, bado sina. Nitarudia baada ya miezi mitatu.

Sasa, dada, nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya kwanza walipima pia homa ya ini, ile ya B. Ninayo. Bulugu alinieleza kwamba kipimo hakiwezi kuonyesha kilichoingia asubuhi hiyo hiyo. Huenda ninayo tangu utotoni. Alisema nayo hupita kwenye damu, tena kwa urahisi zaidi kuliko virusi vya UKIMWI. Kisha akaniuliza kama damu yangu ilimgusa mama au mtoto. Nikamwambia haikuwagusa.

Nilimdanganya. Kanga niliyompokelea mtoto ilikuwa na damu yangu, niliiona kwa macho yangu. Mwenzangu, katikati ya uchungu, alinitolea siri yake ili mimi nisidhurike. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sina maumivu yoyote, nikashindwa kusema.

Nilirudi kituoni Jumamosi, siku ya pili baada ya kujifungua, jirani akiwa bado amelazwa. Nikamwambia Bulugu ukweli, halafu nikaomba nimwambie jirani mwenyewe. Nilimkuta kitandani ananyonyesha. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mtoto atapona. Bulugu alisema chanjo ilitakiwa apewe ndani ya saa ishirini na nne, lakini hata sasa itasaidia. Ikafuatwa hospitali ya wilaya, mtoto akachomwa jioni ile. Mama yake alipimwa, hana, naye anachanjwa. Mtoto atapimwa akimaliza chanjo zote, akiwa na miezi tisa au zaidi. Mpaka hapo hakuna ajuaye. Jirani ananisalimia shambani kama zamani. Hajaniuliza kwa nini nilichelewa, na ningependa aniulize.

Ini langu limepimwa, halijaharibika, wataendelea kuliangalia. Venance hana, ameanza chanjo. Gidioni hana.

Lakini Bulugu alitaka kujua nilikulia wapi na nani. Nikakumbuka tulipomaliza msiba wa baba, tukanyolewa wote kwa wembe mmoja. Wewe ulitangulia, ukakatwa nyuma ya sikio, nami nikafuata. Inawezekana ilipita hapo. Inawezekana mama alikuwa nayo alipotuzaa. Sijui, wala simlaumu mtu. Nenda ukapime, dada. Mpeleke mama, wapeleke watoto wote. Asiye nayo atachanjwa, aliye nayo atafuatiliwa. Wembe na kikata kucha kila mtu awe na chake.

Majibu haya ninayo tangu Aprili, na leo ni mwishoni mwa Mei. Nawe pia nimekuchelewesha. Wewe uniulize kwa nini.

Msalimie shemeji, mpe mama shikamoo yangu, na watoto wote wa hapo nyumbani nawabusu.

Mdogo wako,
Deodata