Mzazi Aliyejikuna Pua

Mama Neema,

Za huko Newala? Jua la Tabora linakausha plasta kabla sijaisawazisha. Tunakarabati wodi ya wazazi. Jana nilikuwa nje ya dirisha, na ndani mama mmoja mwenye uchungu alikuwa anajikuna pua tu. Nikamwambia, "Samahani dada, vumbi la saruji yetu hilo."

Akacheka. "Fundi, wewe piga plasta yako, mimi namsubiri mwanangu."

Mwenye uchungu anacheka! Nikamuuliza nesi. Akasema si vumbi: amechomwa mgongoni dawa kidogo ya jamii ya mofini. Inatuliza uchungu ila inawasha pua, na wao wanamwangalia anavyopumua. Kabla ya chakula cha mchana nikasikia mtoto analia.

Nilikukumbuka ulivyong'ata kanga ukimzaa Neema, na unavyouogopa mwezi ujao utakapojifungua tena. Nenda hospitali ya wilaya ukaulize mapema kama wanayo. Wakisema hamna, angalau tutajua.

Asali ya huku uliyoniagiza nimeshanunua. Siku ya uchungu nikipiga simu, natamani uniambie unajikuna pua.

Mumeo,
Baba Neema