Jani Nililompelekea Ndelilio

Jumanne, 13 Februari 2024

Daftari jipya. Lile la zamani nililifunga jana, baada ya wakili kutuhakikishia kwamba mambo yamekwisha. Nikaandika kwa herufi kubwa: WENSE ANARUDI NYUMBANI. Nikapiga na mistari miwili chini yake. Mjinga mimi!

Leo mahakamani Moshi mwendesha mashtaka kasimama, kasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na kesi ya mauaji. Basi. Miezi kumi na minne mahabusu imekwisha kwa sentensi moja. Hakimu akamwachia. Doris, binti yake, akaangua kilio. Mimi nikapiga kigelegele mle mle ndani, askari akaja kuniambia mama, hapa si harusini. Nikamwambia aniache, huyu mdogo wangu nimemlea mgongoni.

Tukatoka. Hata getini hatukufika. Wanaume wawili wenye nguo za kiraia wakamshika Wense mkono, taratibu, utadhani wanamvusha barabara. Amekamatwa upya! Kesi ile ile, marehemu yule yule. Doris anafoka kwamba hii haiwezekani. Godlove, wakili wetu, anasema kwa sheria inawezekana kabisa. Na Wenseslaus mwenyewe, jaji mstaafu, miaka thelathini ya sheria kichwani, akawafuata. Aliingia kwenye gari akarekebisha kola ya shati.

Nilikuwa nimepika mtori sufuria kubwa. Wameula majirani waliokuja kutoa hongera wakaishia kutoa pole.

Sielewi. Wamempata na kitu gani kipya?

Jumatano, 14 Februari 2024

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka, nikapiga magoti. Wense aachiwe — hilo niliomba wazi. Awe hakumuua Sirili, jirani yetu — hilo sikuliomba. Maneno yalifika mdomoni nikayameza. Naogopa Mungu asije akanijibu.

Ijumaa, 1 Machi 2024

Kitu kipya nimekijua. Ni mimi.

Alikuja mpelelezi, kijana wa kusini huko, si mtu wa huku. Ana adabu zake. Shikamoo mama, pole na majukumu. Nikampa chai. Akatoa bahasha, ndani yake mfuko wa nailoni wenye namba, ndani ya mfuko jani la isale. Limekauka, limekuwa la kahawia, lakini fundo lipo. Fundo nililolifunga mimi! Akauliza kama hii ni dawa.

Nikamweleza, mdomo wangu huu. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Hata kama kosa lenyewe ni damu. Na kulikataa hawezi, ni mwiko. Nikaongeza kwamba masale haya haya ndiyo tunayapanda mpakani, kwa hiyo ni mmea wa heshima. Nilikuwa najisikia mwalimu. Yeye anaandika tu, anaitikia kwa kichwa, anaandika.

Halafu akanisomea maelezo ya Ndelilio, mjane wa Sirili: Siku ya tatu baada ya mazishi, Salvina, dada yake jaji, alikuja kwangu na jani hili. Alisema, naomba amani. Hakusema kingine.

Mpelelezi akauliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akaweka kikombe chini. Akauliza, kwa upole kabisa, sasa kama jaji hakuua, mama, ulikwenda kuombea msamaha kitu gani?

Nikamwambia nina sukari, nataka kujilaza.

Niandike hapa basi, maana hapa hasomi mtu. Alhamisi ile, Desemba mwaka juzi, Sirili aling'oa masale ya mpaka wetu, mstari mzima, yale ya babu. Nikamsimamisha barabarani mbele za watu. Nilimwambia utaniona! Nilimwambia na mengine. Wense hakugomba. Aliokota miche yake kimya kimya akairudishia udongo. Jumamosi jioni akaingia nyumbani suruali imelowa hadi mapajani, tope tupu. Hakula. Sikumuuliza. Nikaifua ile suruali mwenyewe, nikaianika nyuma ya banda la ng'ombe, sehemu ambayo mpita njia haoni. Jumapili asubuhi wakamkuta Sirili kwenye mfereji wa chini, amekufa, kichwa kina jeraha.

Nilikuwa nesi miaka thelathini na nne, najua kuunganisha dalili. Nilikata isale peke yangu, nikaenda peke yangu, sikumwambia mtu. Wense mwenyewe alikuja kulisikia kwa watu, ameshakamatwa.

Nilimhukumu mdogo wangu kwa suruali.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Imekuja samansi. Mimi ni shahidi wa Jamhuri. Shahidi dhidi ya Wense! Na kuanzia sasa nisiende gerezani kumwona, nisiongee naye habari za kesi, nisimtumie ujumbe. Chakula apeleke Doris. Nimempa mchele wa Chekereni kilo tano na kitoweo. Mchele hauna kesi.

Nimekutana na Ndelilio kwenye mfereji, ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilitaka nigeuze, akaniita. Kaniamkia vizuri kama siku zote. Akasema polisi walikuja wenyewe kuulizia habari za majani, walishasikia kilabuni, na yeye kusema uongo hawezi. Nikamwambia sina kinyongo. Nina kinyongo kidogo.

Akasimama na jembe lake, akasema jambo lililonikosesha raha mpaka sasa:

"Mimi isale niliipokea, dada Salvina. Nilishasamehe. Sasa hawa wa serikali wanadai nini tena?"

Kumbe kwake mambo yalikwisha siku ile ile. Hana hata shaka kwamba Wense ndiye. Shaka ataitoa wapi, wakati uhakika nilimpelekea mimi mkononi?

Jumamosi, 31 Agosti 2024

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Doris ametoka gerezani moja kwa moja kuja kwangu. Kesi imepangwa tarehe 9. Shikamoo shangazi, akakaa, hakuvua hata viatu. Akasema mzee ana mpango, na mpango wenyewe ni wa ajabu, yeye umemvuruga kabisa. Jaji atakubali kosa dogo. Kuua bila kukusudia. Upande wa Jamhuri uko tayari. Akikubali, hakuna kesi kusikilizwa, hakuna mashahidi, anasomewa adhabu tu.

Nikasema basi ni yeye. Nilitamka kwa sauti. Kwa miezi ishirini nilikuwa nimelibeba, likanitoka mbele ya mtoto wake.

Doris akaniangalia. Akasema shangazi, subiri, kuna kingine, baba kasema nikuambie neno kwa neno. Nikamwambia nimekatazwa ujumbe. Akasema aliyekatazwa kutuma ni wewe, kupokea hakuna aliyekukataza — huyo ni mtoto wa jaji. Ujumbe wenyewe huu:

"Mwambie dada nyumba yetu ile ni yake mpaka kufa, na asiseme chochote kwa mtu yeyote. Mwambie simlaumu. Sirili alimchokoza."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Simlaumu? Mimi?

Doris akaeleza taratibu kama ananinywesha dawa. Jumamosi ile baba yake alipita mferejini akamkuta Sirili majini, hatikisiki. Akaingia kumvuta, akashindwa, akaona mtu hana pumzi tena, ameshakufa. Ndiyo suruali! Akatoka kwenda kuita watu. Njiani akakumbuka Alhamisi, mimi barabarani, yale niliyoyasema. Akageuza njia. Akaja nyumbani akaona simwulizi kitu, naichukua suruali yake na kuifua. Akasema moyoni, dada anajua. Halafu alipokuwa mahabusu akasikia kwamba nilipeleka isale. Basi. Akafunga faili.

Anadhani ni mimi! Wense anadhani ni mimi niliyemuua Sirili!

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka Doris akaogopa akaniletea maji. Maana kama anadhani ni mimi — si yeye. Hakuua! Mdogo wangu hakuua mtu! Miezi ishirini napiga magoti kwa kuibia, kumbe ningeomba kwa sauti kubwa.

Halafu furaha ikakatika. Na kuna kitu kibaya kimepita kichwani, nikiandike ili kitoke: Wense ni mtu wa mahakama, anajua maneno, je kama anasema hivi ili nimwamini? Aibu yangu. Huyo anayetaka kufungwa kwa ajili yangu bado namkagua.

Na Sirili je? Daktari alisema jeraha kichwani na maji mapafuni. Alikuwa ametoka kilabuni, mawe ya pale mferejini yana utelezi, nilishawahi kuanguka pale mwenyewe. Labda hakuna aliyemuua. Labda tumehangaika wote kumficha muuaji ambaye hayupo.

Nimemwambia Doris arudi Jumamosi ijayo, siku yao ya kuonana, amwambie baba yake: si mimi, na asikubali chochote. Ndiyo, huo ni ujumbe. Wanifunge.

Jumanne, 3 Septemba 2024

Nimekwenda mjini kwa Godlove. Kasimama mlangoni pa ofisi yake, hakunikaribisha ndani. Mama Salvina, wewe ni shahidi wa upande wa pili, sitaki kesho waseme nimekufundisha. Nikamwambia mteja wako anakiri uongo! Kaniambia mteja wake ni jaji, ana akili timamu, anajua anachosaini. Nikamwambia hajui. Kaniambia kama nina la kusema, nilisemee kizimbani.

Nilifika pale hospitali ya Mawenzi ndipo nikalielewa hilo jibu. Kizimbani sitaitwa! Akishakubali kosa, mashahidi tunarudi nyumbani. Nilisimama pale barabarani mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Doris kaja saa nane. Jibu nililijua kwa anavyotembea.

Kampa ujumbe wangu. Si mimi, usikubali. Wense akasikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza mimi nilipolisema hilo nilikuwa nalia au nacheka. Doris, mtoto mkweli, kasema alikuwa anacheka, shangazi alicheka sana. Baba yake akainamisha kichwa. Halafu akasema kwa miaka thelathini amesikia watu wakisema si mimi. Wengi walikuwa watu wazuri. Na akasema, hakuna asiyekosa anayekwenda kuomba msamaha.

Doris akamwambia, lakini baba, alikwenda kukuombea wewe! Alidhani ni wewe!

Hapo ndipo Wense alipocheka, anasema Doris. Kidogo tu. Akasema dada yake hawezi kufikiri hivyo juu yake. Ndiye aliyemlea.

Nimekaa na hayo maneno tangu saa nane. Ningempelekea nini aniamini? Kweli yangu yote ni kwamba nilimdhania yeye ndiye muuaji, na hiyo ndiyo asiyoiamini. Na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba siwezi kumfikiria vibaya.

Doris kalala chumba cha pili. Naye sasa ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama. Mashahidi hatuingii. Ndelilio kakaa pembeni yangu na kitenge chake cha kanisani, anasali rozari. Kaniuliza naandika nini. Nimemwambia vitu vya sokoni.

Saa tatu na nusu. Wamempitisha. Kakonda! Shati limemzidi kama aliazima. Nikamwita jina, askari akaweka mwili wake katikati yetu. Wense akaniangalia juu ya bega la askari. Hasira ningeiweza. Aliniangalia kwa huruma, ile tuliyokuwa tukiwaangalia nayo wagonjwa wodini, wale ambao majibu yao tulishayasoma.

Godlove kapita, kaniona, kaangalia viatu vyake.

Jaji kaletwa kutoka kanda nyingine, ameshakaa. Dirisha liko wazi juu ya kichwa changu, nasikia hadi karatasi zinavyofunuliwa. Mwendesha mashtaka anasema pande zote zimekubaliana. Shtaka linasomwa upya. Mshtakiwa atajibu ni kweli, au si kweli. Neno moja hilo limalize yote.

Nikipaza sauti dirishani kwamba si mimi, wataniuliza, nani alisema ni wewe? Wote watageuka, na yule mpelelezi yumo na kalamu yake. Nilimtisha marehemu hadharani, nilifua suruali, nilipeleka isale. Ningekuwa yeye ningeniandika mimi. Nikinyamaza, Wense anafungwa kwa kosa ambalo mimi sikulifanya, na atafungwa akiwa ameridhika. Hilo la kuridhika ndilo linaloniua.

Nimemwuliza Ndelilio, kwa sauti ya chini, kama isale inaweza kurudishwa. Kaacha rozari. Kasema hajawahi kusikia.

Karani anasoma. Jina lake lote, hadi la ubatizo. Tarehe. Kijiji chetu. Jina la Sirili. Anamwuliza, ni kweli au si kweli?

Wense tangu mtoto hawezi kusema jambo kubwa bila kukohoa kwanza.

Amekohoa. Nimesimama, dirisha liko usawa wa uso wangu, namwona kisogo, na askari anakuja ananiambia mama, kaa chini —