Tanuru Linachukia Maji

Yaya Samweli, kaka yangu mkubwa wa kazini,

Tangu kifua kikuchukue, mvua haijakatika hapa Elisabethville. Kitanda chako kambini amepewa Kabeya, mgeni wa kazi aliyetoka kwetu Kasai. Mimi bado niko kwenye tanuru la shaba. Mgongo unaniuma, lakini kuna neno lako moja linanisumbua kuliko mgongo.

Unakumbuka kile kitabu cha Kiingereza ulichotoka nacho kwenu Nyasa? Ulinisomea kwamba kwa Waingereza nyumba inataka paa, ua linapenda jua. Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Nikakuuliza, "Yaya, nyumba iko na roho?" Hukukasirika. Ulisema tu, "Uliza tanuru."

Kesho yake ulinionyesha jinsi kijiko kirefu cha chuma kinavyolazwa kwanza mdomoni mwa tanuru, kikauke kabisa, ndipo kichote. Ukasema, "Tanuru linachukia maji." Basi. Kapita, msimamizi wetu, alikuwa akituamuru hivyo kila siku, nasi tukisahau. Lako sikulisahau.

Jumatatu Kabeya alitaka kumfurahisha kapita. Unajua kwetu mgeni hatumii chombo cha watu bila kukiosha. Akakiosha kijiko bombani, kikang'aa, akaja nacho kinachuruzika mpaka kwenye shaba iliyoyeyuka. Nilikuwa mbali, yaya. Hapakuwa na nafasi ya maneno mengi. Nikapaza neno lako kwa Kiluba, naye akarudi nyuma kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wa nyumba hii anauma. Ncha ilikuwa imegusa kidogo. Shaba ikaruka, ikatoboa kofia yake. Kofia tu.

Jioni akaniuliza, "Yaya, maji yalilikosea nini?" Ananiita yaya sasa. Nikamwambia aulize tanuru.

Lakini mimi nakuuliza wewe. Linachukia kweli? Au ni sisi tunaoogopa, tukalivika hofu yetu? Na kijiko chako, kinakukumbuka? Mpini umelika pale pa vidole vyako, na vyangu havikai vizuri.

Lala salama, yaya. Hakuna mgeni atakayeshika kijiko kwangu kabla hajasikia neno lako. Kitabu ninacho, nakisoma polepole. Nimepanda ua kaburini kwako, upande wa jua. Mvua ikiisha nitakuja kutazama kama linapenda.

Mdogo wako,
Ilunga